Jaza kumbukumbu takataka unazozitambua

Ukiendesha programu ya C++ ikakuchapishia -842150451 mahali ulipotarajia umri wa mtu au idadi ya bidhaa, usianze kutafuta kosa la hesabu. Nambari hiyo haikutokana na hesabu yoyote. Ni 0xCDCDCDCD kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, inayoandikwa kwa 0x mbele), baiti moja iliyorudiwa mara nne, na imewekwa pale kwa makusudi na maktaba ya Visual C++ katika toleo la utatuzi, lile linalojengwa kwa ajili ya kutafuta makosa. Inakuambia jambo moja mahususi: sehemu hii ya kumbukumbu ilitengwa kwenye hipu (eneo ambalo programu huomba vipande vya kumbukumbu inapovihitaji), na tangu itengwe hakuna aliyeandika kitu ndani yake. Ingekuwa -858993460, yaani 0xCCCCCCCC, ungejua kwamba kigeu chako kinakaa kwenye staki (eneo la vigeu vya ndani ya funksheni) na hakijapewa thamani. Ingekuwa -572662307, yaani 0xDDDDDDDD, habari ingekuwa nyingine kabisa: kumbukumbu hiyo ilikuwa na mwenyewe, ikaachiwa, na programu yako bado inaisoma.

Nambari za aina hii ninazipenda kwa dhati. Nimeishi na C na C++ muda wa kutosha kujua kwamba dosari ya kumbukumbu inatesa kwa ukimya wake kuliko kwa ugumu wake. Kosa linafanyika hapa, dalili inatokea kule, na katikati yamepita maagizo mamilioni yaliyotekelezwa bila malalamiko. Kujaza kumbukumbu thamani inayotambulika ni kuinyima dosari ukimya huo. Ni mbinu ya zamani, nyepesi, na tayari imo ndani ya vifaa ambavyo wengi wetu tunavitumia kila siku. Inanisikitisha kuona miradi mikubwa ikiiacha imezimwa.

Kumbukumbu haiwi tupu kamwe. Kila baiti ina biti zake nane muda wote umeme unapokuwepo, na kila biti ni 0 au 1. Kuomba kumbukumbu kwa malloc ni kupewa anwani tu; yaliyomo hayaguswi. Lugha ya C inahakikisha sifuri kwa vigeu vinavyotangazwa nje ya funksheni na kwa kipande kilichoombwa kwa calloc. Kwa vigeu vya kawaida vya ndani ya funksheni, na kwa malloc, haiahidi kitu. Utakachokuta ni mabaki ya aliyekutangulia: kipande cha jina, nusu ya anwani, kihesabu cha funksheni iliyokwisha zamani.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila anayeanza auelewe mapema. Mfumo endeshi unapoipa programu kurasa mpya za kumbukumbu, huzifuta kwanza ziwe sifuri, kwa sababu za usalama: usije ukasoma nywila iliyoachwa na programu nyingine. Kwa hiyo programu inapoanza tu, karibu kila kinachotoka malloc ni sifuri. Aliyesahau kuweka thamani ya mwanzo anakuta sifuri, na mara nyingi sifuri ndiyo aliyoitaka. Majaribio mafupi yote yanapita. Kisha programu inapelekwa kwenye seva, inakaa hewani siku nyingi, vipande vinaachiwa na kugawiwa upya, na malloc inaanza kutoa vipande vilivyokwisha tumika. Sifuri za siku ya kwanza hazipo tena. Dosari iliyokuwemo tangu mwanzo inajitokeza, na kwa kuwa inajitokeza baada ya muda, watu wanaanza kulaumu mzigo wa kazi, mtandao, joto la mashine, au mabadiliko ya mwisho yaliyoingizwa na mwenzao asiye na hatia.

Niliwahi kuombwa nisaidie programu ya namna hiyo. Ilipokea vipimo kutoka kwenye vifaa vya mbali, na baada ya muda fulani ilianza kuandika wastani usiowezekana. Haikuwahi kufanya hivyo kwenye mashine ya mwandishi wake. Nilichofanya kwanza, kabla hata ya kusoma msimbo, ni kuiendesha katika Linux nikiwa nimeweka kigeu cha mazingira (mpangilio ambao programu huupokea kutoka nje inapoanza) MALLOC_PERTURB_ kuwa 165. Maktaba ya glibc, inayotoa malloc katika Linux nyingi, ikiona kigeu hicho, hujaza kila kipande kinachoachiwa baiti hiyo, ambayo kwa heksadesimali ni 0xA5, na kila kipande kipya hukijaza kinyume chake, 0x5A. (Vipande vya calloc havihusiki, maana vimeahidiwa sifuri.) Wastani uliharibika kwenye kipimo cha kwanza kabisa. Kilichokuwa kikisubiri siku nyingi kilikuja papo hapo, na kikaja kila mara. Dosari inayokuja kila mara ni dosari iliyokaribia kupona.

Ulinganisho mmoja unanifaa hapa: ni kama fundi anayetia rangi ndani ya maji ili aone bomba linavujia wapi. Rangi haizibi tundu. Inafanya tundu lisiweze kujificha.

Basi ni rangi gani? Swali hili lina utajiri kuliko linavyoonekana, na waliochagua thamani tunazozikuta leo walikuwa na sababu.

Kwanza, isiwe sifuri. Sifuri ni thamani yenye adabu mno. Urefu wa sifuri unaruka kitanzi kimyakimya. Msimbo wa kurudi wa sifuri kwa kawaida maana yake ni kwamba mambo yamekwenda vizuri. Katika Unix, nambari ya mtumiaji 0 ni ya msimamizi mkuu mwenye ruhusa zote, na nambari ya faili 0 ni ingizo la kawaida la programu. Tarehe ya sifuri ni Januari 1, 1970, na ninaamini wengi wetu tumewahi kuiona kwenye skrini fulani pasipo mtu kushtuka. Ukijaza 0xCD, tarehe ya biti 32 inayosomwa kama nambari yenye alama (inayoweza kuwa hasi) inaangukia mwaka 1943, idadi inakuwa hasi ya mamia ya mamilioni, na urefu unaosomwa bila alama unazidi bilioni tatu. Programu inaanguka, au inachapisha upuuzi ambao hata asiye mtaalamu ataushangaa.

Pili, isiwe anwani halali. Thamani hiyo ikisomwa kama kielekezi, yaani kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu, tunataka kichakataji kikatae papo hapo. Katika Windows ya biti 32, kwa kawaida programu ya mtumiaji hupewa anwani zilizo chini ya 0x80000000 tu. Ndiyo maana 0xCDCDCDCD, 0xDDDDDDDD, pamoja na 0xBAADF00D na 0xFEEEFEEE za hipu ya Windows yenyewe, zote zinaanza na biti ya juu kabisa iliyowashwa: kuzifuata ni kugonga ukuta. Lakini sharti hili linahitaji kuangaliwa upya kila mazingira yanapobadilika. Windows hiyohiyo ikipangwa kuipa programu gigabaiti 3 badala ya 2, mpaka unapanda hadi 0xBFFFFFFF, na 0xBAADF00D inajikuta ndani ya eneo linaloruhusiwa. Thamani iliyokuwa mlinzi inaweza kuwa anwani ya kawaida ambayo mtu ameandika data zake humo.

Tatu, iwe witiri kama inawezekana. Vielekezi vya vitu vyenye zaidi ya baiti moja karibu kila mara ni nambari shufwa, kwa sababu vitu hupangwa kwenye anwani zinazogawanyika kwa 2, 4 au 8. Kichakataji kama SPARC kilikataa katakata kusoma neno la baiti nne kwenye anwani witiri. 0xCD, 0xDD na 0xFD zote ni witiri, wala si kwa bahati.

Nne, iwe ya kudumu. Wapo wanaofikiri kwamba kujaza nasibu kungefichua zaidi. Huenda, lakini dosari ikibadilika kila unapoendesha, utapoteza nguvu nyingi kuikamata upya. Kuna njia ya katikati ninayoikubali: Meson, kifaa cha kujenga na kupima programu, inapoendesha majaribio, huchagua thamani ya MALLOC_PERTURB_ kwa nasibu kati ya 1 na 255. Jaribio linaendeshwa kwa baiti moja leo, na kesho ni nyingine. Jaribio likianguka, unairudisha thamani ileile na kulipata kosa tena.

Kuhusu 0xCC ya staki, ambayo ni shufwa, sababu yake ni nyingine na ninaiona nzuri sana. Kwenye vichakataji vya x86, baiti 0xCC ni agizo la INT3, lile linalosimamisha programu na kuikabidhi kwa dibaga, programu ya kuchunguzia makosa. Programu ikipotea njia ikaanza kutekeleza data za staki kana kwamba ni maagizo, agizo la kwanza itakalokutana nalo litasema: simama hapa.

Halafu kuna swali la baiti moja iliyorudiwa dhidi ya neno zima. 0xDEADBEEF ni neno la baiti nne lenye herufi zinazosomeka kama maneno ya Kiingereza, na jicho la binadamu linaling'amua mara moja katikati ya ukurasa uliojaa heksadesimali. Mfumo endeshi wa Solaris ulilitumia kwa kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo) iliyoachiwa, ukaweka 0xBADDCAFE kwa iliyotengwa na kutoandikwa, na 0xFEEDFACE kwa mipaka. Lakini kwenye mashine zinazohifadhi kwanza baiti yenye uzito mdogo, kama za x86, ukitazama kumbukumbu baiti kwa baiti hutaliona neno hilo. Utaona EF BE AD DE. Na ukisoma kuanzia katikati ya neno utapata mchanganyiko usioutambua. Baiti moja iliyorudiwa haina taabu hiyo. Soma kuanzia popote, kwa upana wowote, kwa mpangilio wowote, utapata kilekile. Mimi huchagua baiti moja, isipokuwa pale ninapotaka kujua kipande kiligawanywa wapi hasa.

Baiti hizo huonekana hata nje ya dibaga. Zikichapishwa kama maandishi katika usimbaji wa Windows wa Ulaya Magharibi, 0xCC inatoka kama safu ndefu ya ÌÌÌÌÌÌ, na 0xCD kama ÍÍÍÍÍÍ. Waandishi wa programu wa China wanaotumia usimbaji wa GBK wanaona herufi moja, 烫, ikijirudia kwenye skrini nzima, kwa sababu kila jozi ya 0xCC inasomwa kama herufi hiyo. Mtu aliyeizoea hahitaji kufungua kitu: anajua maandishi yake yalikuwa kwenye staki na hayakuandikwa.

Mipaka inastahili maneno yake. Katika toleo la utatuzi, Visual C++ huweka baiti nne za 0xFD kabla ya kila kipande cha hipu na nne baada yake. Hakuna mwenye ruhusa ya kuandika pale. Kipande kinapoachiwa, maktaba hukagua kama bado ni FD FD FD FD. Ukikuta 00 FD FD FD baada ya kipande, karibu ujibu bila kutazama msimbo: mtu ameomba nafasi ya herufi za neno na kusahau ile baiti ya sifuri inayofunga maandishi ya C. Neno lenye herufi sita linahitaji baiti saba. Nimeiona alama hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa huanza kwa kutafuta strlen (inayohesabu herufi bila ile sifuri) iliyo karibu na malloc.

Lakini nikiambiwa nichague aina moja tu ya kujaza, nitachagua kujaza kinachoachiwa. Kusoma kigeu kisichopewa thamani ni kosa ambalo kompaila za kisasa (programu zinazogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) hulikamata mara nyingi kwa onyo tu. Kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa ni balaa la daraja jingine. Kipande kikiachiwa bila kujazwa, data zake za zamani zinabaki pale zikiwa nzima, na kielekezi kilichosahaulika kinaendelea kuzisoma vizuri kabisa hadi siku kipande hicho kitakapogawiwa kwa mwingine. Kabla ya hapo programu inafanya kazi sahihi kwa kutumia kitu ambacho si chake.

Kerneli ya Linux ndiyo mfano wangu ninaoupenda. Ukiiwasha kwa chaguo la slub_debug lenye herufi P, kila kitu kinachoachiwa hujazwa 0x6b, na baiti ya mwisho kabisa huwa 0xa5. Kinachotengwa na kutoandikwa hujazwa 0x5a. Sasa tuseme kerneli inaanguka na ripoti inataja anwani 6b6b6b6b6b6b6b83. Aliyezoea hatazami nambari hiyo kama fumbo. Anatoa 6b6b6b6b6b6b6b6b, anabaki na 0x18, na anajua mambo mawili: kielekezi kilisomwa kutoka ndani ya kitu kilichokwisha kuachiwa, na msimbo ulikuwa ukitafuta uga ulio baiti 24 kutoka mwanzo wa muundo ambao kielekezi hicho kilipaswa kuuonyesha. Ni miundo michache katika sehemu husika ya kerneli itakayokuwa na kielekezi cha maana pale.

Kujaza kunafanya kazi ya pili pia. Kitu kilichoachiwa kinapotaka kugawiwa upya, kerneli hukagua kama bado kimejaa 0x6b. Ikikuta baiti imebadilika, inajua kuna aliyeandika ndani ya kitu kisicho chake, na inachapisha yaliyomo. Safu ya maandishi upande wa kulia inakuwa kkkkkkkkkkkkkkkk, kwa kuwa 0x6b ndiyo herufi k, na pale kkkk zinapokatika ndipo palipoguswa.

Fikiri sasa umekuta 6a mahali pamoja, na pengine pote ni 6b. Kuna maelezo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza: 6a ni 6b ukitoa moja. Kuna kihesabu cha marejeo (idadi ya wanaokitumia kitu) mahali hapo, na mtu amekipunguza baada ya kitu kuachiwa. Yaani kuna aliyeachia mara moja zaidi ya alivyochukua. La pili: kati ya 6b na 6a kuna biti moja tu iliyogeuka, na biti moja iliyogeuka peke yake inaweza kuwa kosa la chipu ya kumbukumbu yenyewe. Mgawi wa zamani wa kumbukumbu katika kerneli, ulioitwa SLAB, ulihesabu biti hizo, na ukikuta tofauti ni ya biti moja tu uliandika wazi kwamba huenda RAM ni mbovu na kupendekeza ipimwe. Namna ya kuamua kati ya hayo mawili ni kutazama mahali: 6a ikirudi kila mara kwenye uga uleule wa muundo uleule, ni msimbo. Ikitangatanga, au ikiwa ni 4b au 7b katikati ya maandishi ambayo hayana kihesabu, ninang'oa RAM na kuijaribu peke yake. Baiti moja iliyochaguliwa vizuri inakutenganishia kosa la mwandishi na kosa la chuma. Sijui mbinu nyingine ya gharama ndogo kiasi hiki inayofanya hivyo.

Orodha zilizounganishwa, ambazo kila kitu hubeba vielekezi vya kilicho mbele na kilicho nyuma yake, zina thamani zake za kujazia. Kitu kikiondolewa kwenye orodha ya Linux, kielekezi chake cha mbele huandikwa dead000000000100 na cha nyuma dead000000000122, kwenye mashine za x86-64. Thamani ni mbili ili ripoti ya ajali ionyeshe ni upande upi uliofuatwa. Na ile dead ya mbele haikuwekwa kwa kupendeza tu: thamani ndogo zinazoachwa peke yake zinaweza kuangukia eneo ambalo programu ya mtumiaji inaweza kulijaza data zake, na mshambuliaji akaigeuza alama ya utatuzi kuwa mlango. Kwenye vichakataji vya x86-64 vyenye anwani za biti 48, biti ya 48 hadi ya 63 lazima ziwe nakala ya biti ya 47. Anwani inayoanza na dead inavunja sharti hilo, kwa hiyo haiwezi kuwa halali kwa yeyote.

Angalizo kwa wanaohamia biti 64: anwani iliyovunja sharti hilo, kichakataji hakiitaji kikiripoti kosa. Visual Studio itakuambia kuwa programu ilijaribu kusoma 0xFFFFFFFFFFFFFFFF, na ukiamini ujumbe huo utatafuta -1 ambayo haipo. Fungua rejista, vihifadhi vidogo vya ndani ya kichakataji. CDCDCDCDCDCDCDCD au DDDDDDDDDDDDDDDD itakuwa imekaa katika mojawapo.

Kwa nambari za desimali, baiti hizi hazitoshi. 0xCDCDCDCD ikisomwa kama nambari ya desimali ya biti 32 ni -431602080, ambayo ni nambari halali, na ikiingizwa kwenye wastani wa vitu vingi inaweza kumezwa. Hapo thamani sahihi ni NaN, ile isiyo nambari, kwa sababu inaambukiza: chochote kinachojumlishwa nayo kinakuwa NaN hadi mwisho wa hesabu. Kompaila ya gfortran ina chaguo la -finit-real=snan linaloweka NaN ya kupiga kelele, na ukiongeza -ffpe-trap=invalid programu inasimama pale inapoguswa kwanza. Wanaotumia NumPy, maktaba ya Python ya safu za nambari, nawasihi wafanye hivyohivyo kwa mikono. np.empty inarudisha safu yenye chochote kilichokuwemo; wakati wa majaribio ijaze np.nan kisha uone kama kuna seli iliyosahaulika.

Vifaa vidogo vina matumizi yao tofauti, ambapo rangi inatumika kupima. FreeRTOS, mfumo endeshi wa vifaa hivyo, inaweza kuijaza staki ya kila kazi baiti 0xa5 kabla kazi haijaanza. Baadaye funksheni uxTaskGetStackHighWaterMark inahesabu 0xa5 zilizobaki bila kuguswa kutoka mwisho wa staki, na hivyo unajua ni nafasi kiasi gani haikuwahi kutumika. Upungufu wake ni kwamba funksheni inayotenga safu kubwa na kuiruka bila kuiandika inaacha 0xa5 zikiwa nzima nyuma yake.

Mbinu hii ina mahali inaposhindwa. Kubwa ninaloliogopa ni kigeu cha ndiyo au hapana. 0xCD si sifuri, kwa hiyo inasomwa kuwa ndiyo. Katika toleo la utatuzi kigeu kilichosahaulika kinakuwa ndiyo kila mara, katika toleo la watumiaji mara nyingi kinakuwa hapana, na ikiwa ndiyo ndilo jibu sahihi, basi kujaza kumeificha dosari badala ya kuifichua. Pia kompaila ina haki ya kuondoa memset uliyoiweka kabla tu ya free, kwa hoja kwamba hakuna atakayesoma tena kipande hicho. Ukiandika mgawi wako mwenyewe, hakikisha kujaza kunafanyika ndani yake, au tumia explicit_bzero kwa kufuta, ama memset_explicit iliyoingia katika C23.

Na kuna programu zinazojiwekea vipande vyao. OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano kwa usimbaji, ilikuwa na orodha zake za ndani za vipande vilivyoachiwa, ikivitumia tena pasipo kuvirudisha kwa malloc. Dosari yake ya Heartbleed, iliyoruhusu kumbukumbu ya seva kusomwa kutoka mbali, ilipotangazwa mwaka 2014, ilionekana kwamba hatua za kinga za malloc ya OpenBSD, ambayo hujaza takataka 0xdf kwenye kinachoachiwa, hazikupata nafasi ya kugusa vipande hivyo. Kila ninapoona mradi una hifadhi yake ya ndani, swali langu la kwanza ni kama ina swichi ya kuizima wakati wa majaribio.

Valgrind na AddressSanitizer (vifaa vya kusaka dosari za kumbukumbu) zinajua zaidi ya baiti za kujaza, maana zinatunza rekodi ya pembeni ya hali ya kumbukumbu. Ninazitumia. Lakini Valgrind inapunguza kasi mno, na AddressSanitizer inahitaji kukompaili upya na kumbukumbu ya ziada, ilhali kigeu kimoja cha mazingira kinafanya kazi kwenye programu iliyokwisha kukompailiwa, hata usiyo na msimbo wake. Watumiaji wa Python wanaoandika viendelezi vya C nao wana PYTHONMALLOC=debug tangu toleo la 3.6, na tangu 3.8 baiti zake ni 0xCD, 0xDD na 0xFD, zilezile za Visual C++.

Kompaila zenyewe sasa zinaweza kujaza vigeu vya staki kwa -ftrivial-auto-var-init. Ukichagua pattern, yaani kujaza alama, kompaila ya Clang inatumia 0xAA kwenye biti 64 na NaN kwa desimali. GCC tangu toleo la 12 inatumia 0xFE. Ukichagua zero unapata sifuri. Msimamo wangu ni sifuri kwa toleo linalokwenda kwa watumiaji, kwa kuwa kielekezi cha sifuri kinaanguka salama na urefu wa sifuri hausomi cha mtu, na alama kwa kila kinachoendeshwa na sisi wenyewe. Nambari ya mtumiaji 0 inabaki kuwa hatari hata hapo, nami vigeu vya namna hiyo huvipa thamani kwa mkono, -1, pale pale vinapotangazwa.

Kuna jaribio moja ninalolifanya kwa kila programu inayotoa faili. Ninaiendesha kwa ingizo lilelile mara tatu: MALLOC_PERTURB_ ikiwa 85, ikiwa 170, na bila kuwekwa kabisa. Ya kwanza inajaza vipande vipya 0xAA, ya pili 0x55, na ya tatu mara nyingi inaacha sifuri za mfumo. Ile ya tatu inahitajika kwa sababu ya vigeu vya ndiyo na hapana, ambavyo kwa 0xAA na 0x55 vingetoa jibu moja. Kisha ninalinganisha faili baiti kwa baiti, nikiwa nimeondoa muda wa kuandikwa. Katika programu ile ya vipimo, baada ya wastani kurekebishwa, tofauti bado ilikuwepo: AA AA AA katika faili moja, 55 55 55 katika jingine, baada ya baiti ya kwanza ya kila rekodi. Nambari zote zilikuwa sahihi. Muundo ulianza na herufi moja ukifuatwa na nambari ya baiti nne, na kompaila ilikuwa imeacha baiti 3 katikati ili nambari ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Hakuna aliyeziandika, na zilikuwa zikienda na faili kila lilipotumwa nje, zikibeba chochote kilichokuwa kwenye kipande hicho kabla. Tuliacha kumwaga muundo mzima kwenye faili, tukaandika kila uga peke yake, na faili zote tatu zikafanana.